Sebule ya Kampala, akili ya Lamu, Harar na Istanbul

Mimi nauza mapazia na vitambaa vya nyumba hapa Kampala, na kazi hii inanizungusha, mara Istanbul kufuata vitambaa, mara Guangzhou, Dubai napita njiani, na nikipata likizo nashuka pwani, Mombasa mpaka Lamu, au navuka Unguja. Kila nikirudi naulizwa swali lile lile, umetuletea nini cha nyumba? Na siku hizi hawaishii kuuliza, wananitumia picha WhatsApp: sebule ya kijivu na nyeupe, ukuta mzima kioo kuanzia chini mpaka juu, kapeti jeupe pee, halafu ujumbe mfupi, dada nataka hii hii. Nimekuwa nawajibu mmoja mmoja, leo nimeona bora niandike yote hapa maana hili jambo nalipenda mno na linaniuma pia.

Ile picha ya vioo na kijivu ni nzuri kweli, sina ugomvi nayo. Ila angalia imetoka wapi. Nyingi zinatoka nchi za kaskazini, Denmark, Sweden, Finland huko, na mwezi wa Desemba Copenhagen inapata mchana wenye urefu wa saa 7 hivi tu, jua lenyewe linapita chini chini, kwa hiyo wenyewe wanapaka kuta nyeupe ili mwanga kidogo waliopata uzunguke chumbani, wanaweka madirisha makubwa uingie wote, wanachagua mbao za rangi hafifu. Wamejibu shida yao na wameijibu vizuri. Sasa wewe uko Kampala, karibu kabisa na mstari wa ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima, ukijenga ukuta wa kioo ukautazamisha magharibi, kuanzia saa tisa mpaka jua lizame hiyo sebule haikaliki, itabidi uje dukani kwangu ununue mapazia mazito uyafunge mchana kutwa. Umelipia kioo, halafu umelipia tena cha kukifunika kioo. Mimi nafanya biashara lakini biashara ya namna hiyo roho yangu haiitaki.

Na hili la jua hebu tulielewe vizuri kidogo kwa sababu ndio msingi wa kila kitu. Hapa kwetu jua katikati ya mwaka linaegemea upande wa kaskazini, kufika Desemba limehamia kusini, lakini saa sita za mchana mara zote linakuwa juu sana, kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini au kusini ukiliwekea paa lililotokeza kidogo tu tayari limepata kivuli. Mashariki na magharibi ndio kuna kazi, kule jua linaingia limelala, kila siku, miezi yote, paa haliwezi kulizuia. Nikienda nyumbani kwa mteja kupima mapazia kitu cha kwanza nauliza jua linazama upande gani, rangi tutazungumza baadaye.

Kwa hiyo nikisafiri, nikiingia nyumba ya watu, siulizi hiki mmekinunua wapi. Nauliza hiki kinawasaidia nini, wanakabiliana na nini hapa, joto au vumbi au wageni wengi au wezi au chumba kidogo? Halafu najiuliza na mimi shida hiyo ninayo? Kama ninayo, narudi na lile wazo na nalipeleka kwa mafundi wetu walifanye kwa mbao zetu na udongo wetu. Kama sina, napiga picha, nafurahia, naondoka.

Lamu ndiko kulikonifungua macho. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, Mji Mkongwe wa Unguja uliingia 2000, na ukiingia zile nyumba za karne ya 18 cha kwanza kukushangaza ni vyumba, vyembamba halafu virefu. Sababu yake ni dari. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake, karibu mita 3 hivi basi, kwa hiyo upana wa chumba umeamuliwa na mti, mwenye nyumba kilichobaki ni kukirefusha. Unapita daka la mlangoni ambapo mgeni anapokelewa, unafika kiwanda, ule uwazi wa katikati unaoleta mwanga na hewa, halafu vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine mpaka unafika ndani kabisa, na kule ndani ukuta mzima ni zidaka. Vishubaka vya plasta ya chokaa vimechongwa safu juu ya safu, kila kimoja na upinde wake, ndimo walimokuwa wanaweka sahani na bakuli za kauri kutoka China. Mwanga wa kiwandani unafika pale umeshapungua makali, unagusa chokaa nyeupe, kila kidaka kinapata kivuli chake, na chumba chembamba kinaonekana kina kina.

Nilikaa mbele ya ule ukuta muda mrefu sana. Maana hebu fikiria, hii habari ya kupamba nyumba kwa vitu vya dunia tunayoona ni mambo ya leo, Waswahili walikuwa wanaifanya zamani. Sahani imevuka bahari kutoka China. Ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe ya hapo hapo, chokaa imechomwa hapo hapo, boriti zimekatwa kwenye mikoko ya hapo hapo. Kitu cha mbali kimepewa kijumba chake ndani ya ukuta wa nyumbani, na nyumba haijageuka kuwa ya Kichina. Mimi sijaona darasa la usanifu wa ndani linaloshinda lile.

Nimejenga zidaka kwangu, mwisho wa korido. Hapa niwaambie kabisa, msikubali fundi achimbe kwenye ukuta unaobeba paa, na kuta zetu nyingi za vyumbani ni tofali moja nyembamba tu, ukichimba umemaliza ukuta. Tunachofanya ni kujenga ukuta mdogo mwingine mbele ya ule wa zamani, wa tofali au wa jipsamu kama hutaki uzito, kina cha sentimita 15 au 20 kinatosha kabisa. Ndani nimeweka vikombe vya Istanbul, chungu cha maziwa cha Ankole, na sinia za ukindu za rangi rangi ambazo sisi Wanubi wa Bombo tunaita tabaga. Kidaka kimoja kitu kimoja. Watu wanapenda kujaza, mimi nawasihi msijaze, kile kivuli cha ndani ndio nusu ya uzuri wenyewe.

Halafu kuna habari ya kukaa, na hii naomba niiseme polepole maana nyumba zetu nyingi zinateseka hapa. Sebule ya Kampala ya kawaida si kubwa, lakini tunaipelekea seti ya masofa makubwa ya kuvimba, la watu watatu, la wawili, mawili ya mmoja mmoja, meza ya kioo katikati, ukitaka kupita unapita ubavu ubavu. Na wageni wetu hawaji wawili. Akifiwa mtu, ikiwa kuna kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kutambulisha mchumba, ikiwa ni birthday ya mtoto au Idi, wanakuja thelathini, masofa yote yale yanaketisha watu saba, waliobaki tunatandika mikeka nje. Nikaanza kuangalia wenzetu wanaopokea wageni wengi wanafanyaje.

Unguja wana baraza, ile benchi ya mawe iliyojengwa pamoja na ukuta nje ya nyumba, mtu anapita anakaa, anapewa kahawa, habari zinasemwa, hujamwingiza ndani na hujamfukuza. Uturuki nyumba za zamani zina kitu wanaita sedir, benchi ndefu ya chini inayofuata ukuta chini ya madirisha, imewekwa godoro na mito ya kuegemea na zulia juu yake. Istanbul utaiona, lakini nilipanda basi kwenda Safranbolu, mji wa nyumba za mbao ulioko UNESCO tangu 1994, na kule karibu kila chumba kina sedir, katikati ya chumba kuko wazi kabisa. Halafu Harar, Ethiopia. Nikipita Addis huwa natamani kuteremka nisiendelee na ndege, na nilipoteremka nikaenda Harar sikujuta. Mji ule wa ndani ya ukuta, Jugol, uliingia UNESCO 2006, na sebule ya nyumba ya Kiharari haina kiti hata kimoja. Sakafu yenyewe imepandishwa ikawa majukwaa matano ya urefu tofauti, wanaita nadaba, na kila jukwaa lina watu wake, wazee wanakaa hapa, vijana pale, mgeni wa heshima kule. Heshima imejengwa kwenye sakafu, hakuna haja ya mtu kuambiwa sogea.

Ona sasa, nchi tatu ambazo hazifanani, bahari na milima imezitenganisha, na zote zimefika kwenye jibu moja, mahali pa kukaa pawe sehemu ya nyumba na katikati pabaki wazi. Hilo ndilo nilirudi nalo. Ukuta wa dirishani kwangu nimejenga benchi ya tofali, juu yake ubao wa mugavu, fundi wa Nsambya ndiye alinifanyia, na chini kuna milango midogo tunaweka mashuka na viatu vya shule. Vipimo ni hivi, benchi yenyewe sentimita 35 kwenda juu, sponji ngumu ya sentimita 10 ikiwekwa unapata 45 ambayo mtu mzima anakaa na kuinuka bila shida, upana 60 pamoja na mto wa mgongo. Ukiwa na wazee wenye magoti usiende chini ya hapo, sedir halisi za kituruki ziko chini sana na bibi yangu asingeinuka. Kitambaa nimetoa Kiyembe, kule kwenye maduka ya vitambaa hapa Kampala, kitenge kizito, kwa sababu kikichafuka nabadilisha foronya bila kununua sofa jipya. Na sasa siku ya wageni wanakaa watu kumi na zaidi ukutani, mkeka unatandikwa katikati, watoto wanacheza pale pale ndani.

Nimetaja Harar, kuna kitu kingine kule ambacho nadhani Uganda tunakihitaji kuliko wote. Yale majukwaa yao yanapakwa udongo mwekundu. Wenyeji husema ule wekundu ni kumbukumbu ya damu iliyomwagika vita vya Chelenqo mwaka 1887, wakati Menelik, aliyekuja kuwa mfalme wa Ethiopia, alipouchukua mji wao, kwa hiyo ni rangi yenye huzuni na fahari ndani yake, siwezi kuichukua hiyo maana nikaiita yangu. Lakini macho yangu yaliona pia kwamba vumbi la barabarani halionekani kwenye sakafu ile. Na sisi vumbi letu ni jekundu! Udongo wa Kampala, wa Bombo, wa Masaka kote, msimu wa kiangazi unaingia kwenye kila kitu, mvua ikinyesha unageuka tope na kupanda nusu mita ukutani, na sisi tunanunua taili nyeupe zinazong'aa halafu dada wa nyumbani anapiga deki mara tatu kwa siku. Zamani nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa na sakafu ya saruji iliyochanganywa rangi nyekundu, inasuguliwa kwa nta mpaka unajiona. Shule, misheni, nyumba za serikali, zote. Tuliziacha tukaona ni za kizamani. Mimi naomba zirudi. Ni bei nafuu kuliko taili nzuri, ni baridi mguuni, haionyeshi vumbi, na ikikatwa kwa mistari ya shaba au hata ya saruji nyeusi inakuwa ya kisasa kabisa, ukiweka juu yake zulia moja la kilimu kutoka Uturuki, jamani, hapo hata mimi mwenye duka sina la kuongeza.

Taili nyeupe kwa mlangoni si nzuri, na hapo hapo niseme la viatu. Sisi wengi tunavua viatu mlangoni, Waturuki nao wanavua, tofauti ni kwamba wao wana kabati la viatu hapo hapo na ndara za wageni zimepangwa zinasubiri. Kwetu ni rundo la viatu mlangoni mtu anaruka. Kabati jembamba la mbao la sentimita 25, pamoja na ile benchi ndogo ya kukalia ukivua, linabadilisha nyumba nzima kuliko picha za ukutani.

Sasa Guangzhou. Wafanyabiashara wa Uganda tunaijua Guangzhou kwa masoko, na wenye kujenga wanaenda jirani, Foshan, kwa taili na fanicha, kontena linajaa unaondoka. Ni wachache wanaofika mitaa ya zamani ya Xiguan, iko pale pale wilaya ya Liwan. Nilikwenda kuangalia nyumba ya ukoo wa Chen, lile jengo kubwa lililomalizika 1894 lenye michongo mpaka juu ya paa, nikatoka nikatembea vichochoroni nikakuta milango iliyonisimamisha. Mlango mmoja lakini una tabaka tatu. Mbele kabisa kuna kijimlango kifupi cha kukunja, kinazuia mpita njia asichungulie. Nyuma yake kuna fremu ya magogo ya mviringo yamelazwa yakipandana na nafasi kati yao, inateleza pembeni, wanaiita tanglong. Nyuma tena mlango mzito wa mbao. Guangzhou ni joto na unyevu, kwa hiyo mchana mlango mzito unaachwa wazi, tanglong inafungwa na kufuli, hewa inapita, mwizi hapiti.

Nyie mnaoishi Kampala mmeshaelewa nakwenda wapi. Sisi usalama wetu ni bati la chuma, mlango mzima chuma, dirisha vyuma, jioni saa kumi na mbili tunafunga na nyumba inakuwa oveni mpaka usiku. Nikampelekea picha fundi wa kuchomelea kule Katwe. Akaiangalia, akaigeuza simu, akaniambia, "Nnyabo, hii hewa itapita, lakini mwizi naye anaona TV yako." Nikamwambia ssebo, ndio maana kuna kile kijimlango kifupi cha mbele, hebu kisome tena. Akacheka, akachukua chaki akachora chini. Alitumia mabomba ya chuma badala ya magogo, reli ya juu na ya chini, kufuli imefichwa ndani ya fremu mkono wa nje usiifikie, na kile kifupi cha mbele akanifanyia mtu wa Ndeeba kwa mbao. Jioni sasa tunakula mlango ukiwa wazi. Majirani wameanza kwenda kwa fundi yule na jambo hilo limenifurahisha kuliko kitu chochote nilichowahi kuleta kwenye kontena.

Dubai sitakaa sana. Ile minara ya upepo ya Al Fahidi, mtaa wao wa zamani, barjeel, inashika upepo juu na kuuteremsha chumbani, ni kazi ya akili sana kwa jangwa, sisi hatuihitaji maana tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari na usiku wetu ni baridi. Ila ilinikumbusha vile vitundu vya hewa juu ya madirisha yetu, nyumba za zamani zote zinavyo, za sasa wanaviziba ili dari ya jipsamu ionekane safi. Msivizibe. Wekeni wavu wa mbu basi.

Na kusafiri si lazima ndege. Mtu anaweza kuwa amefika Paris na hajawahi kupanda kilima cha Kasubi hapa hapa Kampala. Ile nyumba kubwa, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa 1882 kama kasri la Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, 1884 ikawa kaburi lake, UNESCO waliiandika 2001, moto ukaiteketeza Machi 2010 na nchi nzima ililia, ikajengwa upya, na 2023 ikaondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ukiingia angalia juu. Duara ndani ya duara, 52, kila moja kwa ukoo wa Buganda. Chini nyasi na mikeka, na mbele pazia la magome, lubugo, limetenganisha sehemu ya watu na sehemu ambayo hatuingii. Mimi ni mtu wa mapazia, nimeona hariri na velveti za kila aina, na lile pazia ndilo lenye uzito kuliko yote niliyoyaona, linafunika kimya kimya na kila mtu anajua mpaka uko pale.

Lubugo inatoka kwenye gome la ndani la mti wa mutuba, mafundi wake ni wa ukoo wa Ngonge, wanalivua, wanaligonga kwa nyundo za mbao zenye mistari mpaka linapanuka na kulainika, mti wenyewe haufi, unafungwa majani ya migomba unaponya shina lake na mwaka mwingine unatoa tena. UNESCO waliutambua ufundi huu 2005. Rangi yake ile ya udongo mwekundu ulioiva inapatana na kila kitu, na mwanga ukipita nyuma yake taa inakuwa na joto ambalo kitambaa cha Istanbul hakinipi. Nimetengeneza vifuniko vya taa vya lubugo, natumia balbu za LED tu kwa sababu hazipati joto kali, na nakaa nazo mbali na maji.

Lakini nisikilizeni hapa. Lubugo ndiyo inayofunga wafu, ndiyo inayovaliwa mazishini na Kabaka anaposimikwa. Wapo wazee ambao wakiingia sebuleni wakaiona imetundikwa juu ya TV wanaumia, na wana haki ya kuumia. Ukiwa si Muganda, kama mimi, au hata ukiwa Muganda, uliza wazee wa nyumba yako kwanza. Mteja wangu mmoja mama mkwe wake alikataa ya ukutani akakubali ya taa, akasema taa inatoa mwanga, haina neno. Tukafanya ya taa. Na heshima hii hii ndiyo nataka tuwe nayo tukiwa nje, kuna vitu vinauzwa masokoni huko ambavyo ni vya ibada ya watu, mkeka wa kuswalia ni wa kuswalia, usiugeuze wa kufutia miguu kwa sababu rangi zake zimekupendeza.

Mtaniuliza basi nikisafiri ninunue nini. Vitambaa, ndio, vinakunjika. Zulia la kusokotwa, linaingia kwenye begi. Vitu vidogo vya kauri ukivifunga ndani ya nguo. Mbao nakushauri acha, mbao iliyokauka kwenye hewa kavu ikifika huku kwenye unyevu wa ziwa inavimba droo hazifungi, na tunayo mvule na mugavu na mikono ya kuzifanyia kazi. Chukua tepu ya kupimia kila safari. Nasema kweli, tepu ina faida kuliko kamera, kwa sababu picha haikuambii benchi ina urefu gani wala dirisha limeanzia wapi. Pima, andika, chora hata vibaya, andika ni saa ngapi na jua liko wapi. Ukirudi fundi atakuelewa haraka zaidi kuliko ukimwonyesha picha ya Pinterest.

Kuna dada amenitumia ujumbe kwamba hizi zote ni habari za wenye nyumba zao, yeye anapanga muzigo, chumba kimoja, afanye nini? Dada yangu, zile nyumba za Safranbolu nilizosema, chumba kimoja kilikuwa cha kukaa, cha kulia na cha kulala, familia nzima. Asubuhi magodoro na mablanketi yalikuwa yanakunjwa yanaingia kwenye kabati la ukutani, sinia ya chakula inawekwa katikati, ikiisha inaondolewa, usiku matandiko yanarudi. Kwa hiyo wewe fanya hivi. Godoro la kukunja mara tatu la kitanda weka ukutani mchana juu ya kreti za mbao zilizofungwa pamoja, hiyo ndio sedir yako, nguo zinakaa ndani ya kreti. Usipigilie misumari ukutani kama landilodi hataki, nunua bomba la pazia la kubana kati ya kuta mbili, tundika pazia moja zito kutoka darini mpaka chini kugawa jiko la gesi na pa kulala, lisiwe jeupe. Rangi chagua moja, kahawia ya lubugo au buluu ya bahari, ipitie kwenye mto, pazia na kikapu. Tabaga au kikapu kimoja kikubwa ukutani kinaning'inia kwa kamba kutoka kwenye mti wa dari. Ukihama vyote vinapanda kwenye pikapu moja, na vipimo vya pazia nitumie nikukatie, urefu uongeze sentimita 10 za pindo ili nyumba inayofuata dari ikiwa juu zaidi tulishushe hilo pindo.